Mwaka Niliorusha Mizigo

Juzi tumemzika Kalisti. Watu walijaa uani mpaka wengine wakasimama kwenye migomba, maana lori lake lilibeba nusu ya watu wa Uru, huku juu ya Moshi, kwa miaka mingi na kila nyumba ilikuwa na kitu cha kumshukuru. Saa ya wasifu wa marehemu ilipofika, mkwe wake, kijana mwenye suti ya kijivu, akasoma alipobatizwa, alipofunga ndoa, watoto aliowasomesha, na karibu na mwisho akasema kwamba katika maisha yake yote ya udereva marehemu hakumdhuru hata mtu mmoja. Watu wakaitikia kwa mguno ule wa kukubali. Mimi nilikuwa benchi la nyuma. Nikakohoa, na kikohozi kikagoma kuisha, mpaka mzee mwenzangu akanipa maji akaniuliza, "Melki, ni baridi?" Nikamwambia ni baridi. Baadaye wakagawa chakula, ndizi kwa nyama, nami nikala, tena nikala vizuri, kwa sababu mtu wa umri wangu haachi nyama kwa ajili ya hasira. Ila tangu hapo usingizi umenikataa. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo msitegemee nipange mambo kwa utaratibu. Nitayasema yanavyokuja.

Mwaka wenyewe ni ule ambao sabuni na sukari zilikuwa zimerudi madukani, foleni zimekwisha, mitumba imejaa sokoni Moshi hadi mtu anachagua koti kwa rangi, na wanunuzi wa kahawa wameanza kuja na magari yao wenyewe mpaka mlangoni kwa mkulima. Kila mtu alikuwa akisema mambo yamefunguka. Baada ya Pasaka ya mwaka huo Kalisti alinichukua niwe utingo wake. Alinipa chumba nyuma ya jiko lake, chumba cha mbao kilichonuka mafuta ya taa na ng'ombe, kwa sababu ukuta mmoja ulikuwa wangu na wa ng'ombe pia. Asubuhi mkewe alinipa mtori wa ndizi kwenye bakuli la bati, wa moto kiasi cha kuchoma ulimi, nikanywa nimesimama huku Kalisti akizunguka lori akilipiga magurudumu mateke kama mtu anayeamsha mlevi. Nilimpenda yule mtu. Lazima niliseme hilo, la sivyo haya mengine hayatakuwa na maana. Alikuwa mcheshi, alijua majina ya watoto wa kila mtu, na aliniita mangi, yaani chifu, mimi kapuku nisiye na hata mgomba.

Lori lenyewe lilikuwa zee. Stata ilikuwa imekufa, na breki ya mkono ilikuwa pambo. Asubuhi kushuka mjini halikuwa na shida, tuliliachia tu kwenye mteremko likaamka lenyewe, akina mama wamekaa juu ya mikungu ya ndizi wakisali kimoyomoyo. Shida ilikuwa jioni, kupanda. Tukishavuka daraja la mtoni, ule mlima mrefu hadi kanisani ulikuwa hausimamiki. Likisimama, limezimika, likizimika na ule mzigo, linarudi nyuma na watu wake. Kwa hiyo halikusimama. Wenye nguvu walidandia na kuruka likienda, kwa sababu lilikwenda mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Mizigo ndiyo iliyorushwa. Kila nyumba ya kando ya barabara, siku za soko, ilikusanya majani makavu ya migomba ikayalundika pembeni, lundo refu kufikia kiuno, na mtu wa nyumba hiyo akasimama kwenye njia ya kuingilia kihambani, shamba la nyumbani kwake, akingoja. Kalisti alipiga honi mara moja, maana yake sasa, nami nikarusha. Sukari, chumvi, sabuni, vitabu vya shule, hata picha ya Moyo Mtakatifu kwenye fremu yake niliwahi kuirusha, imefungwa ndani ya blanketi, ikatua salama.

Mwanzoni nilikuwa kichekesho. Nilikuwa nangoja lundo lifike mkabala na mimi, ndipo narusha, na mzigo unalipita lundo unaangukia mfereji wa maji. Akina mama walinicheka hadi machozi. Mama Anyesi ndiye aliyekuwa mbaya kuliko wote. Alikuwa mjane mwenye sauti kubwa, mfanyabiashara wa ndizi, na kila siku ya soko alikaa palepale nyuma ya kabini ya dereva.

"Melki, umetumwa na mfereji? Mbona wenyewe ndio unaoupa sukari?"

"Mama, nimelenga kabisa!"

"Umelenga, ndiyo. Na chumvi ya Prisila nayo umeilenga. Leo vyura watakula chakula kitamu."

Siku moja tukipanda nilichukua chungwa kwenye kapu lake nikalirusha juu, moja kwa moja, gari likienda, likarudi mkononi mwangu. Nikarusha tena, likarudi tena. Nilikuwa nafikiri gari litaliacha chungwa nyuma, na halikuliacha. Hapo kichwani pakapambazuka. Kitu kikiwa ndani ya gari nacho kinakimbia, na ukikiachia hakisahau kukimbia. Mama Anyesi akanipiga kofi la mgongo akidai chungwa lake, lakini mimi nilikuwa nimepata nilichotaka. Kuanzia siku ile nikawa narusha mapema, kabla ya lundo, mzigo ukajipeleka wenyewe. Kila nyumba nikaiwekea alama yangu: kwa Prisila jiwe jeupe, kwa Mama Anyesi mti wa mringaringa uliokuwa hatua chache chini ya lundo lake. Mkono ukiona mringaringa, unaachia. Na kuna jambo lilinishangaza kila mara. Sisi tuliokuwa juu ya lori tuliuona mzigo unashuka tu pembeni yetu, kama vile umedondoka kutoka mezani. Waliokuwa chini walisema unawajia mbio kwa upinde, kama ndege anayetua. Mzigo ni uleule. Nilimwuliza Mwalimu Fidelisi, aliyekuwa anafundisha sekondari na alikuwa akipanda nasi Jumamosi. Akafurahi, akanichorea mavumbini mistari miwili na kusema vijana wake wa kidato cha tatu wanatoka jasho kwa hilo. Nilijiona mtu.

Karibu na Krismasi mambo mawili yakatokea. La kwanza, Kalisti aliliingiza lori gereji mjini, likatoka na injini nyingine, stata mpya, na breki. Likawa linapanda ule mlima kama mbuzi. La pili, kijana mmoja wa kwetu alirudi kutoka machimboni Mererani na pikapu nyeupe, akaanza kubeba watu katika barabara ileile. Pikapu ilikuwa nyepesi, na yule kijana alikuwa hajali kitu. Ilitupita kila jioni, na akina mama wengine walianza kuhamia kwake. Kalisti akabadilika. Chakula cha jioni, kiburu chake cha ndizi na maharage kikawa kinapoa kwenye sahani huku akisikiliza barabarani kama kuna mlio wa pikapu. Siku moja nikamwambia, "Kaka, sasa limepona. Si tusimame tu, tuwape watu mizigo yao mkononi?"

"Tusimame? Halafu yule mtoto atupite mbele ya watu?"

"Lakini linakwenda kasi sasa. Alama zangu zote zimekuwa za uongo."

"Mangi, nitapunguza. Nikifika kwenye lundo nakanyaga breki, liende mwendo wa zamani, napiga honi, wewe unarusha. Kuna nini hapo?"

Na alifanya hivyo kweli. Alipunguza, alipiga honi, nilirusha, mizigo ikatua. Kwa muda ilikwenda hivyo na hakuna aliyelalamika. Wenye malundo waliendelea kusimama palepale walipozoea, hatua chache mbele ya lundo, mahali palipokuwa salama kwa mwendo wa lori lile la zamani.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi lori lilijaa kupita kiasi, watu wanarudi kutoka Dar na Arusha kwa ajili ya sikukuu, wengine na viatu vinavyong'aa. Mama Anyesi siku hiyo hakwenda sokoni. Alikuwa anaezeka nyumba yake mabati, akaniagiza misumari, ikawa kwenye mfuko mdogo wa turubai, mdogo lakini mzito kama mtoto mchanga aliyelala. Tulipovuka daraja nikaisikia pikapu nyuma yetu ikipiga honi. Tukafika kwa Mama Anyesi. Kalisti akapunguza, lori likawa mwendo wa zamani, akapiga honi yetu, ile moja. Nikauona mringaringa, mkono ukaanza kwenda. Na hapohapo pikapu ikatokeza ubavuni kutaka kupita, na Kalisti akakanyaga mafuta. Lori likaruka mbele. Watu wa nyuma walianguka juu ya magunia. Mimi mkono ulikuwa umekwisha kwenda mbali, kiganja kinafunguka, na mfuko ukaondoka na ile kasi mpya yote. Ulilipita lundo juu kabisa. Mama Anyesi alikuwa amesimama njiani kwake, mikono kiunoni, anacheka jambo na mtu wa upande wa pili. Ulimpata kwenye nyonga. Sikuwahi kusikia mtu akianguka vile, kimya, na sisi tumekwisha pita.

Tulimpeleka hospitali na lori lilelile. Nyonga ilivunjika vibaya. Daktari alisema atatembea, ila hatabeba mzigo kichwani tena, na mwanamke wa ndizi asiyebeba kichwani nadhani mnajua maana yake.

Jioni ile nikiwa chumbani kwangu, Mwalimu Fidelisi alikuja kwa Kalisti, na ukuta wa mbao hauna siri. Nilimsikia Kalisti akisema, "Polisi wakisikia, leseni imekwenda, na lori watalilaza pale kituoni hadi lioze." Mwalimu akajibu, "Na watu watashusha ndizi kwa gari gani? Na mimi saruji yangu bado iko mjini." Kijiko kikagonga kikombe. Kisha mwalimu akasema polepole, "Utingo hana leseni ya kunyang'anywa." Ng'ombe alikuwa anacheua upande wa pili wa ukuta, na mimi nilikaa kitandani nikijiambia nimesikia vibaya.

Alfajiri Kalisti akagonga mlango wangu. Nilipofungua, alikuwa ameshika jani la isale mkononi.

Kwa asiye wa kwetu nieleze. Isale ni ule mmea wa majani membamba marefu tunaopanda mipakani na makaburini. Mtu aliyekukosea akikujia na jani la isale, humkatalii. Humwulizi zaidi, humfukuzi. Unalipokea, na ukishalipokea jambo limekufa, na aliyelitaja tena mbele za watu yeye ndiye mwovu. Watu wamesamehe damu kwa jani lile. Bibi yangu alilipokea kutoka kwa mtu aliyemchomea nyumba, na akaishi naye jirani mpaka kufa, wakiazimana chumvi.

Kalisti alipiga magoti pale kwenye matope, mtu mzima, baba wa watoto. "Melki, ni mimi. Nimepiga honi halafu nikakanyaga mafuta. Nimekukosea wewe na nimemkosea yule mama. Nimekuja na isale."

"Kaka, kwa nini unakuja kwangu? Nenda kwa Mama Anyesi."

"Kwake nitakwenda. Nimeanza kwako. Utanikatalia?"

Machozi yake yalikuwa ya kweli. Mpaka leo nasema yalikuwa ya kweli. Nikalipokea lile jani. Nilikuwa kijana, niliona ni heshima kubwa, dereva kupigia magoti utingo. Sikuona kwamba nimefungwa mdomo.

Mkutano ulikuwa uani kwa balozi wa nyumba kumi, baada ya misa, wazee kwenye mabenchi na mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka kwenye kata. Kalisti akaitwa kwanza. Akasimama akasema kwa huzuni kwamba honi aliipiga mahali pake, kama siku zote, na kwamba kijana alirusha vibaya, lakini ni kijana mwema, tumhurumie. Hakunitazama. Balozi akanigeukia. "Wewe unasemaje?"

Nilisimama. Nikisema aliyoniambia alfajiri, nimevunja isale, na mbele ya wazee wale hakuna kosa kubwa kuliko hilo. Kwa hiyo nikajaribu njia ya kuzunguka. Nikasema, "Mkono wangu ulirusha kama siku zote. Mwendo wa gari ndio ulibadilika. Mzigo unachukua mwendo wa gari. Mwalimu anajua, mwulizeni mwalimu."

Wote wakamtazama Mwalimu Fidelisi. Alikunywa mbege kwanza, akapangusa mdomo.

"Hayo ni mambo ya mtihani," akasema. "Hapa tunazungumza mambo ya watu. Mfuko ulitoka mkononi mwa nani?"

"Mwangu," nikasema.

"Basi."

Mzee mmoja akacheka. "Huyu mtoto anataka kutuambia misumari ilijirusha!" Wakacheka wote, na kicheko kile ndicho kilichohukumu. Ikaamuliwa mimi nipeleke isale kwa Mama Anyesi atakapotoka hospitali, pamoja na mbuzi na debe la mbege. Mbuzi sina. Kalisti akasimama akasema mbuzi atamtoa yeye, kwa sababu kijana ni wa nyumbani kwake. Watu wakampigia makofi. Makofi, nawaambia. Mama mmoja alifuta macho kwa khanga.

Nilipeleka. Chumba cha Mama Anyesi kilikuwa bado nusu mabati nusu turubai, kimejaa moshi, naye amelala kwenye godoro karibu na moto, amekonda, sauti imeshuka. Nikapiga magoti kama nilivyopigiwa, nikanyoosha jani. Alinitazama muda mrefu. Wazee nyuma yangu wakaanza kukohoa. Mwishowe akalichukua, akaliweka kifuani, akasema ameshasamehe, na wazee wakatoka nje haraka kwenda kwa mbuzi. Supu ilikuwa tamu, walisema. Sikuinywa.

Kalisti aliniambia nikapumzike kwanza, watu wasahau, atanirudisha. Nikahama kile chumba, nikakaa kwa shangazi, nikapalilia kahawa za watu. Pasaka ilipokaribia nikamfuata. Nilimkuta na utingo mwingine, na kwa macho yangu nikaona kitu nisichokitegemea. Lori lilikuwa linasimama. Linasimama kila nyumba, pale pale mlimani, taratibu, utingo anashuka anampa mama mzigo mkononi, Kalisti anauliza habari za watoto dirishani. Malundo ya majani yalikuwa yameoza barabarani, hakuna anayeyahitaji. Na watu wakasifu. Nilimsikia Prisila akimwambia mwenzake, "Tangu yule kijana aharibu, Kalisti amekuwa mwangalifu kweli. Ana utu." Nilitaka kumwambia kwamba lile lori lilikuwa na uwezo wa kusimama tangu siku lilipotoka gereji. Nikaliona lile jani mbele ya macho, nikageuka nikaenda zangu.

Nikaamua kuondoka kwenda mjini, na siku ya kuondoka nikapita kwa Mama Anyesi kumuaga. Alikuwa ameketi uani kwenye kigoda, mguu umenyooshwa, anamenya ndizi. Akanikaribisha, akanimenyea embe, tukala. Ndipo nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, "Mama, mimi sikurusha vibaya."

"Najua."

"Unajua?"

"Melki mwanangu, mimi nilikuwa barabarani, sikuwa kaburini. Nilisikia honi, halafu nikasikia injini inaunguruma. Na wazee walisikia, na waliokuwa juu ya gari walianguka juu ya magunia, si waliona? Wote tunajua."

"Sasa kwa nini ulilipokea jani langu?"

Aliendelea kumenya, ganda refu likishuka hadi chini. "Ningekataa, wangemuuliza Kalisti. Wangemuuliza Kalisti, polisi wangelichukua lori. Mimi sibebi kichwani tena. Ndizi zangu anazichukua hapa mlangoni siku ya soko, bure, na binti yangu Anyesi anakwenda nazo. Hakuniahidi, wala sikumwomba. Anajua nami najua." Akanitazama. "Wewe una miguu. Unaweza kwenda popote. Ungekuwa mimi ungechagua nani?"

Aliingia ndani kwa kujikongoja, akatoka na mkungu wa ndizi, akasema nikale mjini nisije nikafa njaa kwa watu. Nilikataa, akakasirika, nikaupokea. Nikauweka begani nikaanza kushuka kwa miguu, na nilikuwa nimeapa moyoni kwamba gari lile sitalipanda maisha yangu yote. Jua lilikuwa kali. Sijafika hata darajani, bega linawaka, nikalisikia lori nyuma yangu. Likapunguza. Likasimama kando yangu, breki zake hazikutoa hata mlio. Kalisti akatoa kichwa dirishani, uso wake uleule wa ucheshi.

"Mangi, unakwenda mjini na mkungu huo? Panda."

Akina mama juu wakasogea kunipa nafasi. Hakuna aliyenitazama usoni. Nilisimama pale barabarani nikiwa na kila neno tayari mdomoni, na mkungu unazidi kuwa mzito, na mji uko mbali.

Nikapanda.